Mazoezi ya wazee wenye magoti mabovu: Maisara, kitini au baharini?

BintiJangombe
Assalaam alaykum. Mama yangu ana miaka 67, naishi naye. Mwaka jana aliteleza chooni. Mfupa haukuvunjika, ila tangu siku ile hofu imemkaa. Ndani anatambaa na ukuta, anasali juu ya kiti, na gari za mbao za abiria hapandi tena. Daktari kasema magoti yamesagika, na akizidi kukaa ndiyo yatazidi kukaza. Nilimwanzishia mazoezi peke yake chumbani, siku ya nne akaacha. Sasa nataka awe na wenzake. Nimetajiwa kikundi cha asubuhi cha viwanja vya Maisara hapa mjini Unguja, kina mama wanaofanya mazoezi ya kiti, na kuingia baharini. Aanze na lipi? Naomba waliojaribu wenyewe.

MzeeWaAlfajiri
Waalaykum salaam. Mimi nina miaka 71, nina sukari na presha, na Maisara ndiko kwangu. Tukitoka msikitini alfajiri tunakwenda moja kwa moja. Uzuri wake ni kwamba ukikosekana siku mbili simu inalia: "Sheikh, u mzima?" Hilo limenisimamisha kuliko dawa yoyote.
Lakini nikwambie kweli, mwanangu, si pa kuanzia mama. Vijana wanakwenda mchakamchaka, wanaruka, wanaimba, na damu inakuchemka uwafuate. Mimi niliwafuata, goti likavimba wiki nzima. Siku hizi wazee tunakwenda kivyetu, mwendo wa mtu kuweza kuzungumza. Maneno yakianza kukatika, tunapunguza. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki, na sisi tuliovuka 65 tuongeze mazoezi ya kusimama imara siku 3. Tulizifikia polepole, tulianza na dakika 10.

UmmuSalma
Kiti, dada, tena bila ya kusita. Sisi tuko kina mama tisa, tunakutana uani kwa mwenzetu Jumatatu, Jumatano na Jumamosi baada ya alasiri. Kiti kiwe kigumu, mgongo wake umeegemezwa ukutani kisiteleze. Unasogea mbele ya kiti, nyayo unazirudisha nyuma kidogo ya magoti, unainamisha kifua mbele, ndipo unanyanyuka. Kisha unashuka polepole, huku tunahesabu sote moja mpaka nne. Wengi hujiangusha kitini, na huko kushuka taratibu ndiko kunakotia nguvu mapaja. Baraza za kwetu nyingine ni za chini mno kwa goti bovu, basi tunaweka mto mgumu juu yake.
Halafu tunashika dirisha, tunasimama mguu mmoja. Bi mkubwa wetu mmoja alikuja na mkongojo, mwezi mzima hakuachia dirisha. Siku aliyoachia tulipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

MvuviWete
Msiidharau bahari. Maji ya kiunoni yanakubebea karibu nusu ya uzito wako, goti linapumua. Baba yangu alirudi kutembea hivyo baada ya kiharusi, mimi mkono huu, kaka yangu mkono ule. Ila lazima ujue maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, yanajaa kama saa kumi, na ukenda saa nne utakuta mchanga mtupu. Kwa mgonjwa ngojeni maji mafu, siku yanapojaa na kutoka kidogo, hayana mvuto mkali. Avae viatu vya mpira, na asiingie na kanga: ikirowa inamzonga miguu. Suruali na kanzu fupi. Peke yake haingii hata siku moja.

UmmuSalma
Maneno mazuri, kaka, ila mama aliyeanguka chooni kwa kuteleza umtie kwenye mawimbi? Hofu kwanza itoke.

MvuviWete
Hapo nakubali. Iwe baadaye.

Nesi_Chake
Kabla ya yote, aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia japo mara moja, na aulizwe aliangukaje. Kama alisikia kizunguzungu, dawa za presha na macho viangaliwe. Maumivu madogo wakati wa zoezi si neno. Yakiwa bado makali kesho yake, alizidisha. Kifua kikibana, aache na apelekwe hospitali hapo hapo.

BintiJangombe
Narudi baada ya wiki saba. Tulianza na kiti, kwa kina mama wa mtaani kwetu. Siku ya kwanza alinyanyuka mara tatu, kwa kujisukuma na mikono. Sasa anafika nane, mikono kifuani. Gari za mbao bado, ngazi yake ni ndefu.
Juzi magharibi nimeingia chumbani, nikamkuta ametandika mswala chini. Kasujudu, kisha akashika ukingo wa kitanda akanyanyuka mwenyewe. Nilisimama mlangoni nalia, alhamdulillah.
Leo kaniagiza raba. Mzee wangu, pale Maisara nyinyi mnakusanyikia upande gani?