Ni "a HIV counsellor" au "an HIV counsellor"? Naomba ushauri kabla sijatuma CV

Mtoto wa Pangani:
Habari za jioni wakuu. Naomba nafasi ya ushauri nasaha kwa wanaoishi na VVU kwenye shirika moja, na CV inatakiwa iwe ya Kiingereza. Mstari wa kwanza niliandika "I am an HIV counsellor". Kaka yangu kaipitia, kafuta "an" kaweka "a". Anasema H ni konsonanti, na shuleni tulifundishwa "an" ni ya a, e, i, o, u basi. Rafiki yangu anasema niiache kama ilivyokuwa. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Nimsikilize nani? Natanguliza shukrani.

Chaki Nyeupe:
Rudisha "an". Nafundisha Kiingereza sekondari na jambo hili linaniuma, maana watoto wanapewa nusu ya kanuni. Kinachoangaliwa ni sauti inayotangulia mdomoni, si herufi iliyo kwenye karatasi. Hebu tamka HIV taratibu: "eich-ai-vii". Umeanza na "e", kwa sababu jina la herufi H kwa Kiingereza sanifu halina h mwanzoni. Ndiyo maana ni "an HIV counsellor", "an HR officer". Lakini kwenye "hospital" h yenyewe inasikika, kwa hiyo "a hospital". Kwenye "hour", "honest" na "heir" h iko kimya: "an hour".

Upande wa pili ni "university" na "European". Zimeandikwa kwa irabu, ila mdomoni zinaanza na "yu". Kama una diploma ya chuo kikuu, andika "a university diploma".

Vifupisho vinavyosomwa herufi moja moja hupokea "an" vikianza na A, E, F, H, I, L, M, N, O, R, S au X. U haimo: "a UN driver". Kwa hapa kwetu, Mkuu wa Mkoa ni "an RC", Mkuu wa Wilaya ni "a DC".

Binti Likoni:
Mwalimu, sisi huku Mombasa wengi twaitamka "heichi". Si basi "a HIV" itakuwa sawa?

Chaki Nyeupe:
Kwa anayetamka hivyo, ndiyo, inafuata sauti yake. Hata Ireland wengi huitamka na h mbele. Ila CV inasomwa na mtu usiyemjua, na maandishi rasmi ya afya yamezoea "an HIV test". Mtoto wa Pangani asibahatishe.

Mdau wa Daladala:
Na LATRA je? Inaanza na L. "An LATRA licence"?

Chaki Nyeupe:
Hapana mkuu, hiyo tunaisoma kama neno, "latra", kwa hiyo "a LATRA licence". NSSF ndiyo tunaitaja herufi kwa herufi: "an NSSF card".

Mwanakwaya:
Biblia ya King James ya 1611 ina "an hundred sheep" na "an house". Hizo h si zinatamkwa?

Chaki Nyeupe:
Swali zuri sana. "An" ndiyo ya zamani, imetoka shina moja na "one". N ilidondoka mbele ya konsonanti, ila mbele ya h ikachelewa. Waingereza wenyewe walichanganyikiwa na n hiyo: "apron" zamani ilikuwa "napron", watu wakasikia "a napron" kama "an apron", n ikahama moja kwa moja. Leo lakini andika "a house", "a hundred".

Mtoto wa Pangani:
Nimeelewa, na kaka nimemsomea yote. Bado moja: kwenye uzoefu nimeweka "a one-year contract". Hiyo o ibadilishwe?

Chaki Nyeupe:
Iache hivyo hivyo. "One" hutamkwa "wan", inaanza na w.