Mliowahi kuperuzi mtandao kwa Kindle, tupeane uzoefu

Mzee wa Kabati: Wakuu, nimekutana na Kindle Keyboard yangu, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ile ya 2010 yenye vitufe chini ya kioo. Nikakumbuka enzi za kuperuzi kwa rangi nyeusi na nyeupe, unabonyeza kishale kuruka kiungo hadi kiungo. Yenye 3G ilikuwa inaingia mtandaoni bila bando. Tiririkeni.

Binti Pwani: Kivinjari chenyewe kilikuwa kwenye menyu ya vitu vya majaribio, wengi walikaa nayo bila kujua kipo.

Mvuvi Msomi: Umenigusa mkuu. 2013 nashuka botini Nansio, Ukerewe, simu ikachomoka mfuko wa shati, ikazama. Na nilikuwa nasubiri barua ya kuitwa kwenye usaili! Gesti ina Wi-Fi, dada wa mapokezi ana kitochi. Nikatoa Kindle. Nywila yangu ina namba, vile vitufe havina namba. Kijasho! Kumbe unashika Alt na Q inatoka 1, Alt na W inatoka 2, hadi P ambayo ni 0. Nikaingia kwenye barua pepe. Barua ipo, ila tarehe na ukumbi viko ndani ya PDF. Nabofya, naambiwa kivinjari kinapakua vitabu vya Kindle, vya Mobi (aina nyingine ya faili za vitabu) na faili za maandishi matupu tu. Tumbo likakata. Nikaituma barua kwenye anwani ya barua pepe ya Kindle yenyewe, PDF ikashuka pamoja na vitabu. Herufi kama sisimizi. Nikalaza ukurasa upande, nikasoma: Mwanza, keshokutwa, saa mbili asubuhi.

Kibonde: Chai hii. Simu imezama, msimbo wa kuthibitisha uliupokelea wapi?

Mvuvi Msomi: Wakati huo sikuwa nimewasha uthibitisho wa hatua mbili. Usiite chai maisha ya mtu.

Binti Pwani: Kibonde acha hizo. Kaka, kazi ulipata?

Mvuvi Msomi: Nilipata dada, nipo hadi leo.

Fundi Redio: Kwa wenye nazo bado: zimeni picha na JavaScript (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kurasa) kwenye mipangilio, kurasa zinafunguka upesi.

Mama Wawili: Ukizima JavaScript, barua pepe nyingi hazikubali kuingia. Washa, uvumilie.

Kibonde: Msidanganyane. Tovuti za sasa zinataka usimbaji mpya wa kulinda mawasiliano, mashine za zamani zinagoma. Bakini na vitabu.

Shamba Boy: Nabisha. Juani kioo cha simu sioni kitu, kile cha Kindle nasoma kama gazeti. Wikipedia nimeisoma sana shambani nikiwa nalinda ndege wasile mpunga.

Mama Wawili: +1 kwa jua. Ila kuandika jibu refu kwa vile vitufe, vidole vinauma.

Mzee wa Kabati: Mvuvi, hiyo ya Alt na Q sikuwahi kuijua, nilikuwa natafuta namba kwenye kitufe cha alama moja moja. Halafu betri yangu inazima haraka, mwenye nyingine anauza?

Fundi Redio: Njoo inbox mkuu.