Zulia linateleza kwenye vigae: chini yake niweke nini?

mkaazi_wa_malindi
Assalam alaikum jamaa. Nina zulia la mita 2 kwa 3, lililofumwa kwa mashine, unene milimita 8. Liko sebuleni juu ya vigae vinavyong'aa, na watoto wakikimbia huteleza nalo. Chumbani sakafu ni mkeka wa mbao, ile plastiki ya kutandaza yenye sura ya mbao, huko nataka kuweka zulia dogo. Tena kuna nyumba ya mama Lamu, sakafu ya chini ni ya chokaa ya kale. Dukani nimeonyeshwa vitu viwili: ule wavu laini mweupe wa roli, na feliti (kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa) ya kijivu yenye mpira upande mmoja. Wavu ni rahisi zaidi. Je, utafaa kote? Mlango wa sebule unafungukia ndani, na nafasi chini yake ni milimita 15 tu.

fundi_wa_vigae
Waalaikum salaam. Hautafaa kote, na hata sebuleni mimi singeuweka. Wavu ule mweupe mara nyingi ni plastiki ya PVC iliyolainishwa. Ukikaa kwenye joto chini ya uzito wa kochi, ile dawa ya kulainishia hutoka kidogo kidogo. Wavu huanza kunata sakafuni, kisha hukakamaa na kumeguka vipande. Kwenye kigae chenyewe utausugua utoke, lakini ile simiti ya katikati ya vigae hunyonya, na doa likishaingia humo halitoki kwa urahisi.

Kwa vigae chukua feliti yenye mpira wa asili. Mpira ndio unaoshika sakafu, basi ulale chini, na feliti iwe juu ikishika mgongo wa zulia. Wengi hugeuza, halafu husema tandiko halifai. Uliza feliti ni ya nini: hapa pwani afadhali ya nyuzi za polista kuliko ya juti, kwa sababu juti hunyonya unyevu na kuota ukungu. Kama uzito umeandikwa, gramu 1,000 hadi 1,400 kwa mita moja ya mraba ni nzuri. Nyepesi sana hulala bapa upesi. Sponji ndiyo mbaya kuliko zote: unaikanyaga leo ni laini, baada ya miezi imebonyea njia nzima ya kupitia.

Unene sasa. Zulia milimita 8 na tandiko 6 ni 14, mlango wako utabakiwa na milimita moja, na zulia likifura kidogo utalikwaruza. Chukua tandiko la milimita 3, au sogeza zulia litoke kwenye njia ya mlango kisha uweke la 6. Mahali pa kukaa chini na kuswalia, 6 ndiyo raha ya magoti. Kupita 10 usiende: zulia huanza kuyumba mguuni na miguu ya meza huzama.

Kata tandiko liwe dogo kuliko zulia kwa sentimita 2.5 kila upande. Kwa mita 2 kwa 3 ni sentimita 195 kwa 295. Pima mwili wa zulia peke yake, matamvua usiyahesabu. Ukingo wa zulia ukishuka wenyewe hadi sakafuni, hakuna kidole kinachojikwaa, na tandiko halichungulii.

bint_amu
Naongeza la chokaa, maana hapo watu huharibu sakafu ambazo haziwezi kurudishwa. Chokaa hupumua. Unyevu wa ardhini hupanda na kutokea juu, na ukiufunika kwa mpira usio na matundu umeuzibia njia. Utaona unga mweupe wa chumvi, harufu ya ukungu, kisha ngozi ya juu ya sakafu inaachana.

Pima kwanza. Kata nailoni nzito, kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike pande zote nne kwa tepu ya karatasi ile nyepesi ya wapaka rangi, uiache mchana na usiku. Ukikuta matone chini ya nailoni au sakafu imegeuka rangi, usiweke tandiko la mpira. Weka feliti tupu ya polista, nyembamba, na zulia jepesi linaloinulika. Ili lisisogee, ukingo wake ukae chini ya miguu ya mbele ya kochi. Tepu ya kunata pande mbili iepuke kabisa, ukiing'oa inaondoka na chokaa.

Wengine hutandika mkeka wa ukindu chini ya zulia. Unapitisha hewa, ndiyo, lakini juu ya sakafu laini nao huteleza, na ukipata maji hukaa na ukungu. Kwa mwezi wa nne na wa tano, mvua zikishika, inua nusu ya zulia kila wiki na upepee.

mpole_wa_shela
La mkeka wa mbao limesahauliwa. Hapo usiweke mpira wowote, hata wa asili. Mpira hugusana na ile plastiki ya sakafu na kuacha doa la njano au hudhurungi lililoingia ndani, halitoki kwa sabuni wala kwa dawa. Feliti tupu, au tandiko lililoandikwa wazi kwamba ni salama kwa sakafu za plastiki. Angalia pia mgongo wa zulia lenyewe. Likiwa limepakwa mpira, doa ni lile lile.

mkaazi_wa_malindi
Shukrani sana. Feliti ya dukani ina upana wa sentimita 120. Naweza kuunga? Na wavu kama ule, niliowahi kuuweka zamani, umeacha utando unaonata kwenye vigae.

fundi_wa_vigae
Unaunga, lakini vipande vikutane ukingo kwa ukingo, visipandane, la sivyo mstari utaonekana juu ya zulia na zulia litakatika hapo. Funga kiungo kwa tepu ya kitambaa upande wa feliti, kamwe si upande wa mpira.

Utando: maji ya moto na sabuni ya vyombo, acha dakika 10, kwangua kwa kipande cha plastiki, si kisu. Ukibaki, paka mafuta ya kula kidogo juu ya kigae, futa, kisha osha kwa sabuni mara mbili. Mafuta yakibaki, mpira mpya hautashika. Usipake polishi pia. Kabla ya kutandika, fagia mchanga wote. Punje zikibaki chini ya tandiko husaga mng'aro wa kigae. Na ukishapiga deki ngoja sakafu ikauke kabisa, pembeni kwenye kuta hasa. Zulia likianza tena kusogea baada ya miezi, usikimbilie kununua jingine: futa upande wa mpira kwa kitambaa chenye maji matupu, uanike kivulini. Vumbi ndilo limeuziba.