Postikadi: niandikie wageni wa Postcrossing, marafiki wa zamani, au nichapishe za paka wangu?

mama_karani (Jumamosi, saa 3 asubuhi)

Hamjambo wote. Nina sanduku la viatu limejaa postikadi za watu wengine. Kuna nilizopewa, na kuna nilizookota ndani ya vitabu vya inama, vile vya mitumba vinavyopangwa chini barabarani, pale Tom Mboya. Hizo za vitabuni zimeandikwa na watu nisiowajua kwa watu nisiowajua, na nazisoma kwa raha kuliko kitabu chenyewe. Sasa nimechoka kuokota tu kama kunguru. Nataka kutuma.

Pesa ya mchezo huu ni kidogo, kadi nne au tano kwa mwezi, stempu ndani. Kwa hivyo lazima nichague. Kuna Postcrossing, ambapo unaandikia watu usiowajua. Kuna wenzangu wanne tuliolala bweni moja: mmoja yuko Kisumu, mmoja Eldoret, mmoja Doha, mmoja Leeds. Tuna kikundi cha WhatsApp ambacho siku hizi ni cha michango na pole za msiba tu.

Halafu kuna swali la kadi yenyewe. Za dukani mjini ni simba, Mmaasai akiruka, na ndovu mbele ya Kilimanjaro, mlima ambao kilele chake kiko kwa jirani. Mimi naishi Umoja. Ndovu nimewaona mara mbili maishani. Ninayemwona kila siku ni paka wangu Karani, aliyepata jina hilo kwa sababu hakuna karatasi inayotoka kwangu kabla hajaikalia. Nafikiria kuchapisha picha zake: Karani juu ya mtungi wa maji, Karani mlangoni akingoja harufu ya omena ya jirani.

Waliojaribu, nielekezeni. Ila msiniambie "fanya zote".

stempu_southc (Jumamosi, saa 4)

Dada, mimi ni wa Postcrossing na sitajificha. Huu ni mwaka wangu wa nne. Ilianzishwa 2005 na Mreno mmoja, Paulo Magalhães, na inavyoendeshwa ni hivi: unaomba anwani, unapewa mtu mmoja na namba inayoanza na KE. Namba hiyo unaiandika kwenye kadi. Akiipokea anaisajili, na hapo wewe unaingia zamu ya kuandikiwa na mtu mwingine kabisa. Unamwandikia mtu wa Finland, unaandikiwa na mtu wa Taiwan. Mwanzo unaruhusiwa kadi tano tu njiani kwa wakati mmoja.

Utamu wake ni kutojua. Unafungua sanduku, unakuta picha ya daraja la mji ambao hujawahi kuusikia.

Mwiba wake kwetu ni muda. Siku 60 zikipita, kadi inahesabiwa imechelewa, ingawa bado inaweza kusajiliwa ndani ya mwaka. Yangu moja ya Brazil ilifika baada ya miezi minne, nilishaizika na kuisomea dua. Na ukisahau kuandika ile namba, mpokeaji atafurahi lakini hatajua aisajili vipi. Mimi nilisahau mara mbili.

Neno moja la maana: kwenye wasifu wako usiandike "napenda kila kitu". Mimi niliandika, "Niambie leo umekula nini na nje kukoje." Tangu hapo nimepata supu, theluji, ugomvi na shemeji, na mbwa aliyemeza soksi. Wageni wanaweza kukupa maisha ya kila siku, lakini lazima uyaombe.

msee_wa_45 (Jumamosi, saa 4 na nusu)

Mko sawa lakini? Hii kitu si unapiga picha ya paka, unarusha status, watu mia wanaona, imeisha? Bundles za ishirini bob. Kadi ya miezi minne, manze, hata matatu za hapa Githurai zinafika mapema na hiyo jam yetu.

mama_karani (Jumamosi, saa 5)

Status inakufa baada ya saa 24, ndugu yangu. Na hao mia wakiiona, ni wangapi wanakumbuka Jumatatu? Wewe mwenyewe, ni barua gani ya karatasi ya mwisho uliyopata yenye jina lako?

msee_wa_45 (Jumamosi, saa 5)

Ya kuitwa form one. Haki ya Mungu ndiyo ya kwanza na ya mwisho.

mwalimu_mstaafu (Jumamosi, saa 8 mchana)

Kijana wa Githurai, umesema kweli bila kutaka.

Binti yangu mama_karani, mimi ningekuambia marafiki, tena bila kusitasita. Ninayo kadi niliyotumiwa na mwenzangu alipokuwa Makerere. Stempu yake ina maneno Kenya, Uganda, Tanzania kwa pamoja, maana kabla Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977 tulikuwa na stempu za nchi tatu. Mkusanyaji atatazama stempu. Mimi hutazama maneno. Aliandika kwamba matoke yamepanda bei, amenunua viatu vya kahawia, na kiatu cha kushoto kinabana. Basi. Mwenzangu huyo ametangulia mbele za haki, na nikimkumbuka siku hizi namkumbuka akichechemea Kampala na kiatu cha kushoto. Asiyekujua hawezi kukuandikia habari ya kiatu namna ile, kwa sababu hajui ulivyokuwa ukimcheka kwa kupenda viatu.

Kuhusu hizo unazookota kwenye vitabu vya inama: usizitupe kwa kuwa zimechakaa. Tazama majina ya barabara. Ikisema Delamere Avenue, hiyo ndiyo Kenyatta Avenue ya leo, na picha ni ya kabla ya uhuru. Government Road ndiyo Moi Avenue. Hardinge Street ni Kimathi. Ukikuta maandishi yamebanwa pembeni mwa picha, na nyuma kuna anwani peke yake, huenda ni ya miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, kabla desturi ya kugawa mgongo wa kadi mara mbili haijaenea. Waingereza waliruhusu kuandika upande wa anwani 1902. Na kadi ya kwanza kabisa, ya Austria-Hungary, tarehe 1 Oktoba 1869, haikuwa na picha yoyote.

Ukiwa mjini ingia Jumba la Nyaraka pale Moi Avenue, uone mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais. Kuna watu walikusanya vitu kwa dhamira, si kama kunguru.

Nimetoka nje ya mada. Swali langu: utapokelea wapi? Kenya barua haiji mlangoni.

mama_karani (Jumamosi, saa 9)

Shikamoo mwalimu. Hapo ndipo nilipokwama. Baba ana S.L.P. nyumbani ushago, lakini kwenda kuifungua ni nauli ya kadi kumi.

stempu_southc (Jumamosi, saa 10)

Mimi nilianza na sanduku la kazini. Usifanye hivyo. Katibu alisoma kadi zangu zote kabla yangu, kisha ananiuliza kwenye chai, "Huyo wa Poland mama yake alipona?" Kadi haina bahasha, kila anayeishika anasoma. Baadaye nikahamia sanduku la msikiti, ambalo lilikuwa zuri mpaka kodi ya mwaka ikasahaulika na likafungwa. Sasa natumia mPost, namba ya simu ndiyo anwani, na kitu kikifika unapata ujumbe. Kwa anayehamahama nyumba kama sisi wapangaji, hiyo naiona bora kuliko kukodi sanduku peke yako. Kama mko watu watano mtaani mnaoaminiana, sanduku la pamoja pia si baya.

wino_na_karatasi (Jumapili, saa 2 asubuhi)

Nafanya kazi ya kuchapisha, upande wa River Road, kwa hivyo niongee yangu.

Mama Karani, usipeleke picha ya paka ukasema tu "nitolee kadi". Utapewa karatasi laini inayojikunja kama chapati. Sema unataka karatasi ngumu ya gramu 300, ing'ae upande mmoja tu. Huo upande wa pili ubaki mkavu, la sivyo kalamu haitashika, wino utahamia kwenye kidole chako na kwenye mkia wa Karani. Ukubwa sema A6. Karatasi moja ya A4 inatoa nne, ya A3 inatoa nane, kwa hivyo panga picha zako kwa nne au nane usilipie nafasi tupu. Acha ukingo kidogo kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia kikiteleza nusu milimita, sikio la paka linaenda.

Picha uliyotumiwa WhatsApp usiilete. Imeshabanwa, itatoka na chenga. Leta ile ya kwenye simu yenyewe, kwa kebo au kwa barua pepe. Na paka mweusi mpige picha karibu na dirisha asubuhi, si usiku kwa flashi. Nimechapisha paka weusi wengi wanaoonekana kama gunia la makaa lenye macho.

Ukichapisha nane kwa siku moja, kila moja haitakushinda sana, kama chai na mandazi mawili hapa kwetu. Ukichapisha moja moja utalia. Kwa hivyo zako mwenyewe zinafaa kama una watu wa uhakika wa kuwatumia. Kama ni kujaribu tu, nunua simba.

nyau_wawili (Jumapili, saa 4)

Hakuna aliyemwambia huyu mama ukweli kuhusu paka na postikadi. Nakuambia mimi wa Kayole mwenye paka wawili.

Nilitundika kadi zangu kwa kamba na vibanio vya nguo, vile vinavyoonekana maridadi kwenye picha. Zilikaa siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kazini nikakuta kamba chini, kadi ya Japan ndani ya bakuli la maji, na wakubwa hao wawili wamelala juu ya Ufaransa. Nikanunua albamu ya karatasi zenye gundi, ile ya picha za harusi. Mbaya zaidi! Gundi ilishika, na nilipotaka kuzitoa migongo ikabanduka na maandishi.

Sasa ziko kwenye mifuko ya plastiki ya faili, ndani ya bati la biskuti lenye mfuniko, mbali na dirisha kwa sababu jua linakula rangi. Ndani natia vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, maana mwezi wa saba nyumba yangu ina unyevu kama kisima. Mfuniko ndio muhimu. Sanduku lako la viatu, Karani akiamua ni kitanda, kwisha maneno.

Mimi napiga kura kwa kadi za paka, lakini ziende Postcrossing. Kuna wasifu baada ya wasifu unaoomba paka.

stempu_southc (Jumapili, saa 5)

Kweli hilo. Na mgeni hajali kama ni paka wa Umoja au wa Muthaiga, ila akiona mtungi, ndoo na sakafu ya simiti nyuma yake, atauliza.

mwalimu_mstaafu (Jumapili, saa 6)

Atauliza, kisha hatakuwepo kukusikia ukijibu. Mara nyingi Postcrossing ni kadi moja, kwaheri.

stempu_southc (Jumapili, saa 6)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nina bibi mmoja wa Ujerumani tuliyekutana huko huko na tunaandikiana mwaka wa tatu. Mlango upo. Si wengi wanaoupita, nakubali.

mama_karani (Jumatano, saa 2 usiku)

Nimeamua. Kwa sasa marafiki, na kadi za Karani. Postcrossing nitaingia nikishajua posta yangu inakwendaje, maana kungoja kadi ya mtu nisiyemjua kwa miezi minne nitakata tamaa mapema. Za wenzangu, hata zikichelewa, naweza kuwapigia simu kuwauliza.

Nimechapisha nane kwa wino_na_karatasi, tena alinikatia mwenyewe. Iliyotoka vizuri zaidi sikuitarajia: Karani amekaa juu ya bili ya maji, uso wa mtu aliyeona kiasi. Ya Doha nimeiandikia juu ya stima iliyopotea tukiwa katikati ya kupika githeri. Ya Kisumu nimeandika bei ya omena tu, nikamwachia yeye aseme ya huko kwao, kwa sababu najua atatukana. Ya Leeds ilinishinda siku mbili. Hatujaongea vizuri tangu harusi yake, na nafasi ya kadi ni ndogo, huwezi kuomba msamaha na kueleza sababu. Mwishowe niliandika kwamba bado ninalo lile blanketi la bweni, na paka ndiye analilalia.

Ukitoa na ya Eldoret, zimebaki nne. Moja ni ya msee_wa_45, akinitumia anwani faraghani. Huwezi kuishi na barua ya form one peke yake.

msee_wa_45 (Jumatano, saa 3 usiku)

Nimekutumia S.L.P. ya mathe. Lakini usiandike mambo ya mapenzi, atasoma.

nyau_wawili (Jumatano, saa 3 usiku)

Umenunua bati?

mama_karani (Jumatano, saa 3 usiku)

Kesho.

msee_wa_45 (wiki tatu baadaye, Ijumaa, saa 7 mchana)

Imeingia! Mathe amepiga simu akidhani ni mambo ya korti. Amesoma yote, sasa anataka kujua paka anakula nini na kwa nini hajaolewa, yaani wewe, si paka. Ameibandika kwa friji, hataki kunirudishia.

Swali tu. Kona moja ya chini imetafunwa. Ni posta ama?

mama_karani (Ijumaa, saa 8 mchana)

Ni Karani. Bati nililinunua siku iliyofuata.