Kusimulia upya Pride and Prejudice kwa macho ya Bwana Darcy: nifanye nini na miezi ambayo hayupo kitabuni?

Mwandishi wa Ipagala, Dodoma

Ndugu wasomaji, salaam. Ninaandika kwa Kiswahili riwaya inayosimulia upya kisa cha Pride and Prejudice, kitabu cha Jane Austen kilichotoka mwaka 1813, ila safari hii mambo yote yanaonwa na Bwana Fitzwilliam Darcy badala ya Elizabeth Bennet. Sikukihamishia kisa Dodoma, ingawa wenzangu kadhaa walinishawishi nimfanye Darcy kuwa mwenye mashamba ya zabibu. Nimekiacha kwao Uingereza, kwa sababu mapato yake ya pauni 10,000 kwa mwaka, pamoja na hofu ya nyumba ya akina Bennet, yenye mabinti watano, ambayo mali yake itarithiwa na binamu wa kiume, ndiyo mambo yanayokisukuma kisa, na ukiyang'oa unabaki na mapenzi matupu.

Nimekwama mahali pawili. Kwanza, baada ya Elizabeth kuikataa posa yake kule Hunsford mwezi wa Aprili, Darcy anamkabidhi barua asubuhi inayofuata, kisha anatoweka kitabuni hadi wanapokutana kwa ghafla Pemberley, nyumbani kwake Darcy, wakati wa kiangazi. Baadaye anatoweka tena, anapokwenda London kumtafuta Lydia, mdogo wake Elizabeth, aliyetoroka na ofisa wa jeshi Wickham. Sijui nivijaze vipindi hivyo au nivipite. Pili, wasomaji wangu wa awali hapa mjini wanasema kwamba Darcy wa sura za mwanzo anaudhi, nami nimeanza kumtetea: katika dansi ya Meryton, pale anaposema kwamba Elizabeth si mzuri kiasi cha kumvutia, nimempa maumivu ya kichwa na barua ya habari mbaya kutoka kwa mdogo wake Georgiana, ili kauli ile ieleweke. Je, utetezi huo unafaa?

Mwalimu wa fasihi, Kondoa

Ndugu mwandishi, yaondoe maumivu ya kichwa, na barua hiyo uichane. Darcy mwenyewe hakuomba utetezi wa namna hiyo. Karibu na mwisho wa kitabu, akiwa amekwisha kukubaliwa, anamweleza Elizabeth kwamba alifundishwa kanuni njema tangu utotoni lakini akaachwa azifuate kwa kiburi na majivuno, na kwamba wazazi wake, ijapokuwa walikuwa watu wema, walimwachia ajione bora kuliko kila mtu aliye nje ya nyumba yao. Mtu anayejihukumu hivyo akiwa na miaka 28 hahitaji dawa ya kichwa. Alisema alichosema kwa sababu aliamini ni kweli, na usiku huo, kwa maoni yangu, alilala usingizi mzuri.

Utamu wa kusimulia upande wake uko papo hapo: msimulizi ana uhakika, na msomaji anajua kwamba amepotoka. Siku ya posa ya Hunsford, Darcy aliamini kwamba Elizabeth alikuwa akiitamani posa hiyo na kuingoja; anakiri hivyo baadaye kwa kinywa chake. Austen anasema kwamba alitaja hofu na wasiwasi, ilhali uso wake ulionyesha kwamba hana shaka na jibu. Basi mwandike akiielekea nyumba ya mchungaji Collins, ambako Elizabeth alikuwa mgeni, bila kuwaza hata mara moja kwamba anaweza kukataliwa, akishindana tu na aibu ya kuoa katika ukoo anaouona uko chini ya wake.

Kuhusu Georgiana, jeraha lipo tayari na halihitaji barua ya kubuni. Kiangazi kilichotangulia, huko Ramsgate, Wickham alikaribia kumtorosha binti huyo aliyekuwa na miaka 15, akiukodolea macho urithi wake wa pauni 30,000. Usilitumie jambo hilo katika dansi. Litunze hadi siku Darcy anapomkuta Wickham barabarani Meryton, ambapo Austen anatuambia kwamba mmoja wao alipauka na mwingine akawa mwekundu, bila kutaja nani ni nani. Hapo wewe huwezi kukwepa kama alivyokwepa yeye, kwa kuwa uko ndani ya mmoja wao.

Mzee wa Mpwapwa

Wanangu, naona mmekwisha kuingia shambani kabla ya kuuliza kama mvua imenyesha. Mimi nina shaka na kazi yenyewe. Riwaya ya Austen inatushika kwa sababu hatujui kilichomo moyoni mwa Darcy. Tunamdhania vibaya pamoja na Elizabeth, na tunaaibika pamoja naye anapoisoma ile barua. Ukimpa Darcy usimulizi, fumbo hilo linakufa ukurasa wa kwanza. Je, unaweka nini mahali pake?

Jean Rhys, mwaka 1966, alimchukua mke wa Rochester aliyefungiwa ghorofani katika Jane Eyre, riwaya ya mwaka 1847, akampa maisha na sauti ambayo Charlotte Brontë hakumpa. Kazi ile ilikuwa na deni la kulipa. Darcy ni tajiri, anasikilizwa na kila mtu, na Austen amemwachia barua ndefu iliyojaza karibu sura nzima. Sisemi usiandike, mwanangu. Nasema uwe na sababu iliyo kubwa kuliko kwamba wasomaji wanampenda.

Jambo jingine ni nafsi ya usimulizi. Ningekushauri nafsi ya tatu inayomfuata Darcy kwa karibu, wala si "mimi". Austen mwenyewe amekwisha kuujaribu mlango huo: katika sura ya 6 anaingia akilini mwa Darcy kwa kifupi na kutuonyesha kwamba, mara tu alipowahakikishia rafiki zake kwamba sura ya Elizabeth haina jambo zuri, akaanza kuiona kuwa yenye akili isiyo ya kawaida kwa ajili ya uzuri wa macho yake meusi. Kejeli ya namna ile inamhitaji msimulizi aliyesimama hatua moja nyuma ya mhusika. Darcy akijisimulia mwenyewe, hawezi kujicheka. Alikuwa bado hajajifunza.

Msomaji wa Area C, Dodoma

Shikamoo mzee wetu wa Mpwapwa. Ninakubaliana nawe juu ya nafsi ya tatu, ila kwa swali la kinachochukua nafasi ya fumbo, nadhani jibu liko London.

Yote tunayoyajua kuhusu safari ile yanatoka katika barua ya Bi Gardiner, mke wa mjomba wake Elizabeth, kwa Elizabeth, nayo ni muhtasari tu. Darcy aliondoka Derbyshire, kuliko na Pemberley, siku moja baada ya Elizabeth na akina Gardiner. Alimwendea Bi Younge, yule mlezi wa Georgiana aliyefukuzwa baada ya mambo ya Ramsgate, ambaye sasa alikuwa akipangisha vyumba, na zikapita siku mbili tatu kabla hajamtoa anwani. Alipompata Lydia alimsihi kwanza arudi kwao, naye akakataa katakata. Kisha akaketi na Wickham, mtu anayemdharau kuliko wote duniani, wakajadiliana bei: madeni yaliyozidi pauni 1,000, pauni 1,000 nyingine kwa Lydia, na cheo cha jeshi cha kumnunulia. Siku ya ndoa alihudhuria kanisani, na akataka sifa zote apewe mjomba Gardiner.

Mambo yapo, lakini hakuna hata tukio moja tunaloliona. Hakuna mazungumzo, hakuna chumba, hakuna uso wa Bi Younge anapofungua mlango na kumkuta bwana aliyemfukuza. Ni nadra mno Austen kutuingiza mahali ambapo wanaume wako peke yao, kwa hiyo majadiliano yale ya fedha ni ardhi yako, ndugu mwandishi, na hakuna atakayekulaumu ukilima sura tatu nzima. Mzee aliuliza deni liko wapi: liko kwa mwanamume anayefanya jambo gumu kuliko yote ya maisha yake akitumaini kwamba mwanamke anayempenda hatalijua kamwe. Kwa macho ya Elizabeth tunalipata likiwa limekwisha.

Mwandishi wa Ipagala, Dodoma

Mzee wangu, mwalimu na dada wa Area C, nawashukuru. Maumivu ya kichwa nimeyafuta, na nafsi ya tatu nitaijaribu kuanzia sura ya kwanza. Limebaki lile pengo la Aprili hadi Pemberley. Nilifikiria kumwonyesha akijaribu kumwoa binti mwingine ili asahau.

Msomaji wa Area C, Dodoma

Tafadhali usimlete binti mwingine, maana atakula kurasa na mwisho utalazimika kumfukuza.

Chungulia tena tukio la posa. Maneno ya Darcy ya mwanzo, yale ya kumwambia Elizabeth kwamba anampenda mno, Austen ameyanukuu. Hotuba iliyofuata, ile ya kuorodhesha unyonge wa ukoo wake na jinsi alivyopigana na moyo wake, haikunukuliwa. Tumeelezwa tu kwamba alisema vizuri, na kwamba hakuwa fasaha zaidi juu ya mapenzi kuliko juu ya majivuno yake. Wewe utalazimika kuitunga hotuba hiyo yote, na itungwe kama mtu anayeamini kwamba ukweli wake ni heshima kwa anayeambiwa. Jibu la Elizabeth, kwa upande mwingine, liache lilivyo, hasa pale anapomwambia kwamba hata angeposa kwa uungwana zaidi angemkataa tu. Darcy aliyakumbuka maneno hayo hadi siku ya kupatana kwao, akamwambia kwamba yalimtesa, na kwamba ulipita muda kabla hajakubali kuwa yalikuwa ya haki.

Hilo ndilo pengo lako. Mwezi wa Mei bado anabishana na sentensi ile kichwani, akiwa mezani kwake, akisaini hesabu za shamba. Mwezi wa Juni anamjibu mpangaji wake kwa ukali, kisha anasita. Kurasa kumi zinatosha, na Julai mpandishe farasi aelekee Pemberley siku moja kabla ya wageni wake, bila kujua nani yuko bustanini.