Baada ya upasuaji wa titi: kemo au tembe?

Mama wa Kondele, Kisumu: Niliondolewa uvimbe wa sentimita 2, na tezi za kwapani hazikuwa na saratani. Daktari amependekeza mionzi, kisha tembe za tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni isichochee saratani, kwa miaka 5, ilhali dada yangu anashikilia kwamba bila kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, sitapona. Nifanyeje?

Muuguzi mstaafu, Nakuru: Pole, mama. Ikiwa ripoti ya maabara inaonyesha vipokezi vya homoni ni chanya (saratani hukua kwa homoni) na HER2, protini inayoweza kuikuza saratani haraka, ni hasi, huenda kemo isikuongezee mengi. Mionzi usiiache, kwa kuwa titi limebakizwa.

Mgonjwa mwenzio, Kakamega: Tembe hizo za tamoksifeni nazimeza mwaka wa 3 sasa, usiku joto hunipanda hadi nabadilisha shuka, lakini sijaacha.

Mama wa Kondele: Asanteni. Ripoti ingali ndani ya bahasha ya kaki. Jumatatu nitaifungua mbele ya daktari.