Eti meli za angani tuzipange kwa UREFU?! Watu wa Tanga njooni muone

Nanga_Chumbageni:
Wakuu, nimefura. Mnamjua, simtaji. Jana usiku kaingia kwenye jedwali letu la meli za filamu za Star Trek na Star Wars, kafuta safu nzima ya KAZI, kaandika: "Meli ni meli, pangeni kwa urefu."

Kwa urefu!

Sasa Voyager ya Star Trek, mita 344, chombo cha uchunguzi na safari ndefu, imelazwa ubavuni mwa Nebulon-B ya Star Wars, mita 300, ambayo waasi wanatibiwa humo. Enterprise-D, ya Star Trek pia, mita 642, watu kama elfu moja na familia zao, imepandishwa cheo kuwa "manowari kubwa". Manowari gani ina darasa la watoto? Na Defiant, ya huko huko, yenye mizinga ya feza ("phaser", silaha ya miale), topido za kwanta na deraya inayoungua tabaka kwa tabaka ili mwili usalimike, chombo kilichobuniwa kupambana na Borg, wale maadui nusu mtu nusu mashine, eti "boti ndogo" kwa kuwa ni fupi. KWA UREFU, jamani!

Unaanza na nafasi ya ndani: imeliwa na nini? Maabara, silaha, vitanda vya wagonjwa au shehena? Kisha uangalie inakaa safarini muda gani bila kugusa bandari. Kama inabeba ndege za kivita na hizo ndizo zinazokwenda kupigana, hiyo ni meli mama, hata iwe na mizinga yake. Urefu unaandikwa mwisho, tena kwa penseli. Jina rasmi nalo usiliamini: Starfleet, kikosi chenye meli hizo za Star Trek, wenyewe wameisajili Defiant kama "meli ya kusindikiza", maana wanaona haya kusema wameunda manowari.

Kafuta yote hayo. Kaacha urefu.

BintiPangani:
Punguza povu kaka 😂 Ila una hoja. Mwaka 1914 kule Rufiji, manowari Königsberg ya Wajerumani ilijificha deltani, meli kubwa za Waingereza zikashindwa kuifuata kwa sababu ya kina cha maji. Waliokwenda kuimaliza mwaka 1915 ni Severn na Mersey, vyombo vya Waingereza vifupi kuliko yenyewe, tumbo bapa, vimeundwa kwa ajili ya mito, kila kimoja na mizinga miwili ya inchi 6. Kwa hesabu ya bwana yule, hivyo ni vivuko.

Mzee_wa_Raskazone:
Vijana, manowari ya Waingereza Fox ilipofika hapa Tanga Novemba 1914 kututaka tusalimu amri, hakuna aliyeingia majini na futi.

Sahare7:
Mkuu, hapo kwenye Nebulon-B nakupinga. Ile ni frigeti ya kusindikiza misafara. Hospitali ni kazi iliyokuja baadaye. Jedwali lako linasemaje?

Nanga_Chumbageni:
Ndiyo maana zilikuwa safu mbili, yakhe! Aina ya mwili kivyake, kazi ya sasa kivyake. Ukizichanganya, kila chombo kikibadilishwa kazi unazua daraja jipya. Tazama meli za daraja la Nebula za Star Trek: ule mzigo wa mgongoni unabadilishwa, safari hii vihisi, safari ijayo silaha, mwili ni ule ule. Halafu mtu anakuja na urefu. UREFU!

Sahare7:
Sawa, usinipige.

Konda_Mstaafu:
Nyie mna bahati. Mimi kuna watu humu wanaiita Millennium Falcon ya Star Wars manowari. Ni YT-1300, meli nyepesi ya mizigo! Mizinga imeongezwa, injini imechokonolewa, basi. Daladala ukiifunga bunduki haiwi kifaru.

BintiPangani:
Na wanaolinganisha mwendo je? Wanachukua wapu 9 ("warp", kipimo cha mwendo cha Star Trek) ya enzi za Kapteni Kirk na wapu 9 ya enzi za Kapteni Picard, aliyekuja baadaye, kana kwamba kipimo ni kimoja. Kipimo kilibadilishwa, 10 ikawa kikomo kisichofikika. Someni kwanza.

Nanga_Chumbageni:
Turudi kwenye mada jamani, safu yangu imefutwa

Konda_Mstaafu:
Tulia, tunakuja. Kwanza: nani kabandika madirisha ya ile modeli kwa supa gluu? Yamepata ukungu mweupe yote.

Sahare7:
Ni mvuke wake huo, hung'ang'ania plastiki angavu. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ipake kwa ncha ya kijiti cha meno, iache usiku kucha. Ikikauka haionekani.

Konda_Mstaafu:
Ngamiani ipo?

Mzee_wa_Raskazone:
Duka lolote la vifaa vya ujenzi. Chukua kopo dogo, kubwa litakukaukia.